Mhalisia wa Tibirinzi

Ukishapita mikononi mwa Mwalimu, huwezi tena kusikiliza taarifa ya habari kwa utulivu. Mimi mpaka leo, nikisikia redioni kwamba nchi mbili zimegombana, masikio yananisimama na moyo unakwenda mbio, na papo hapo naisikia sauti yake ikiuliza kwa furaha isiyofaa kabisa: "Haya! Nani anamwogopa nani hapo?" Mume wangu huniambia nimerogwa. Pengine ni kweli, na aliyeniroga ni mwanamke mfupi wa Tibirinzi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye hakupata kukubali jambo lolote bila ya kulibishia kwanza.

Pemba ina walimu tele, lakini sisi tuliosoma kwake tukisema "Mwalimu" peke yake, hakuna anayeuliza yupi. Kwenye ratiba ya skuli yetu ya sekondari pale Chake Chake aliandikwa kuwa anafundisha historia na uraia. Ratiba ile ilikuwa ya kuwaridhisha wakaguzi tu. Kitu alichofundisha, mwaka hadi mwaka, kilikuwa kimoja: kwa nini mataifa hugombana, na kwa nini mara nyengine, kwa ajabu ya Mungu, hayagombani. Alikuwa amesomea uhusiano wa kimataifa bara, kisha ng'ambo, na watu walitegemea atapata kiti wizarani, chumba chenye kipoza hewa na dereva. Akarudi Pemba na makasha ya vitabu. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila ya kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha.

"Wizarani wanataka watu wa kukubali. Mie n'nataka watu wa kubisha."

Na kubisha alitufundisha kweli kweli. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri madawati yalisukumwa ukutani na darasa likagawanywa pembe nne. Karibu na mlango walikaa Wahalisia, kwa sababu, alisema, watu wasiomwamini mtu lazima wakae karibu na njia ya kukimbilia. Hawa kazi yao ilikuwa kutetea kwamba mataifa yanaishi mahali pasipo na polisi wala kadhi, kila moja linajilinda lenyewe, na mwisho wa maneno yote ni nguvu. Dirishani, penye upepo, walikaa Waliberali, wenye kushikilia kwamba biashara, mikataba na jumuiya vinaweza kuwafanya hata wabinafsi wakashirikiana. Chini ya ubao walikaa Wajengaji, waliosema uadui na urafiki haviumbwi na Mungu, vinajengwa na watu kwa maneno na mazoea. Na pale penye kabati bovu, lisilo mlango, walikaa watu wa Utegemezi, wenye kuuliza kwa nini karafuu tunazianika sisi na mambo yake yanaamuliwa na watu ambao hawajapata kuunusa mkarafuu. Kabati bovu aliwachagulia makusudi. "Nyie hupewa kilichobaki," aliwaambia, "basi zoeeni."

Halafu mjadala unapopamba moto, mtu amesimama juu ya dawati na mishipa ya shingo imemtoka, Mwalimu anapiga ubao kwa kiganja na kusema, "Geukeni!" Kila pembe inahamia pembe nyengine, na wewe uliyekuwa ukitukana uhalisia dakika moja iliyopita unatakiwa uutetee kama mali ya urithi. Wengine walilia. Kijana mmoja alikataa kuhama, akasema dhamiri yake haimruhusu. Mwalimu akamwambia dhamiri yake akaiache nje pamoja na viatu, ataikuta akitoka.

Mijadala mikuu ya wasomi, ile ambayo vyuoni inafundishwa kwa muhula mzima na watu wakasinzia, yeye aliisimulia kama habari za nyumba ya jirani. Uhalisia na Uliberali, alisema, ni wakewenza. Mume amekwenda safari hajulikani atarudi lini, na jiko ni moja. Mke mkubwa anafungia unga kabatini na ufunguo anautia kiunoni: huyo ni Mhalisia. Mke mdogo anasema jamani, tuandikiane zamu ya kupika: huyo ni Mliberali. Wamegombana miaka na miaka. Kisha siku moja majirani wanapita wanawakuta wamekaa mkeka mmoja, wanakubaliana kwamba kweli mume hayupo, kweli kila mtu anajitakia mwenyewe, wamebaki kubishania kama zamu itafuatwa au haitafuatwa. Sisi tulikuwa hoi kwa kicheko. Hapo anaingia shemeji mtu, Mjengaji, anasimama mlangoni na kuuliza: "Hivi nani aliyewaambieni kuwa nyie ni wakewenza? Kwa nini msiwe ndugu?"

"Na wote wawili," Mwalimu alimalizia, "wakamfukuza kwa mwiko."

Nikaja kuyasoma mambo yale yale chuoni, kwa lugha ngumu na tanbihi ndefu, na kila ukurasa nilikuwa nikitafuta mwiko.

Yeye mwenyewe, akiulizwa yuko pembe gani, hakusita hata kidogo. Alikuwa Mhalisia. Alijitangaza hivyo kama watu wanavyojitangaza timu yao ya mpira. "Moyo wa mtu ni msitu," alisema, "na wa taifa ni msitu usio na njia. Nia ya mwenzio huijui. Angalia mkono wake umeshika nini." Mimi, mtoto wa kike kutoka Gando niliyekaa Chake kwa shangazi yangu ili nisome, nilikuwa Mliberali tangu Alhamisi ya kwanza, labda kwa sababu nilipenda upepo wa dirishani. Akaniita "Mliberali wangu" na jina likaning'ang'ania.

Lakini ukienda nyumbani kwake! Mhalisia gani yule ambaye mlango wake haujafungwa hata siku moja? Alikuwa hana hata kitasa. Vitabu vyake viliazimwa na kila mtu, na nusu havikurudi, na hakumuuliza mtu. Nilipomwambia kwamba mtu wa mlango ule hana haki ya kutufundisha kutoaminiana, alinijibu kwamba mwizi akiingia atakuta vitabu, akivisoma atakuwa mwanafunzi, na mwanafunzi yeye anamudu kumshughulikia.

Mara moja tu nilimshinda, na siku ile nitaikumbuka mpaka nizikwe. Ilikuwa karibu na Ramadhani. Wahalisia walikuwa wakitupiga vibaya: sheria isiyo na askari si sheria, mkataba usio na bunduki ni karatasi. Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, jirani akikuletea futari kwenye sahani, unairudisha vipi?"

"Na kitu ndani," akasema. "Sahani hairudi tupu."

"Nani askari wa sahani?"

Darasa likalipuka. Watu walipiga madawati, mtu akatupa kofia juu. Na Mwalimu, ambaye ungedhani ataona haya, alikuwa akiruka. Aliruka, wallahi, mtu mzima yule! Akanipa chaki mkononi, akanikalisha kwenye kiti chake, akakaa chini sakafuni mpaka kipindi kikamalizika. Alhamisi ya pili akaja na uso wa mtu ambaye hakulala. "N'mepata jibu," akasema kabla ya salamu. "Aibu. Askari wa sahani ni aibu. Na aibu ni jeshi." Wajengaji wakadai jibu ni lao. Wakagombana naye mwezi mzima.

Siku nyengine alitupeleka Wesha, bandarini, ili Waliberali wapate haki yao. Tulitakiwa tuangalie kila kinachoshushwa na tuseme kimetoka wapi na nani anamtegemea nani. Vitunguu, saruji, unga, magodoro, mashine ya kushonea. Nilikuwa nikiandika haraka haraka, nimefurahi, kwa sababu ukiitazama bandari ile unaona kabisa kwamba hakuna anayeweza kugombana na mwenzake bila ya kujikata mkono. Nikamwambia hivyo. Sijamaliza sentensi, wachukuzi wawili wakakamatana mashati juu ya gunia moja la vitunguu, gunia likapasuka, vitunguu vikaviringika mpaka majini. Mwalimu alifunika mdomo kwa ukaya wa buibui lake. Mabega yalikuwa yakitikisika.

"Andika na hilo, Mliberali wangu," akasema. "Usiandike linalokupendeza tu."

Mzee mmoja wa pale bandarini akamuuliza hawa watoto wanasoma nini. Akamwambia wanasoma dunia. Mzee akavitazama vitunguu vikielea, akasema basi wamefika mahali pake.

Kituko kikubwa kuliko vyote kilikuwa vita vyake na jirani yake, fundi cherehani mwenye kuku. Kuku wa fundi waliingia kwenye mchicha wa Mwalimu. Mwalimu akapeleka malalamiko kwa maandishi, vifungu vinne, kimoja kikiwa kinahusu mipaka. Fundi hakujibu. Mwalimu akanunua jogoo mkali wa kulinda mchicha. Fundi akaleta jogoo mkali zaidi. Mwalimu akanunua bata bukini wawili, wenye tabia ya kumkimbiza mtu mpaka barabarani. Fundi akatafuta bata mzinga, sijui alimtoa wapi, mnyama mwenye hasira kama ya mtoza kodi. Ikafika hadi sisi wanafunzi tukienda kwake tunapita tukiwa tumebeba fimbo, na mchicha wenyewe ulikwisha zamani, umekanyagwa na walinzi wake. Mwalimu alitusimamisha uani katikati ya makelele yale, akatuonyesha kwa mkono.

"Mtanziko wa usalama," alisema kwa sauti ya mtu anayekuonyesha lulu. "Kila mmoja anajilinda, na kila mmoja anaona mwenzake anajitayarisha kumpiga. Tazameni vizuri. Hamtaiona wazi hivi kitabuni."

Tukamuuliza kwa nini basi asiende kuzungumza na fundi. Akatutazama kama tuliosema neno la Kichina. Vita vile vilikwisha Mwalimu alipopatwa na homa, mke wa fundi akamletea uji siku sita mfululizo, na bata mzinga akachinjwa sikukuu, wakala pamoja. Mwalimu alisisitiza kwamba uji ule aliunywa kwa sababu za kimkakati.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na ulimi wa wembe, na aliwahi kumwambia mwanafunzi mmoja mbele za watu kwamba hoja yake ni kama chapati ya jana. Alipenda kushinda. Na lile somo lake kuu, kwamba nia ya mtu haijulikani, lilikwenda na vijana wengi ambao hawakuwa na muda wa kuzisikiliza pembe tatu nyengine. Waliondoka skuli na robo ya mafunzo. Hilo sikulijali mpaka miaka mingi baadaye, lilipotufuata Gando.

Gando kwetu wanawake wanategemea pweza. Maji yakipwa wakati wa bamvua, siku yanapokwenda mbali kuliko kawaida, wanatembea mpaka mwambani na vyuma vyao, wanachokoa kila tundu, na kwa nyumba nyingi hicho ndicho chakula na ndilo daftari la mtoto. Mwamba wenyewe tunauchangia na kijiji cha ng'ambo ya pili. Kwa kuwa kila upande uliogopa kwamba ukiwaacha wadogo wakue, upande wa pili utawavua, pweza wakawa wanavuliwa wakiwa kama kiganja. Mama yangu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Gando, akapata wazo la kuufunga mwamba miezi mitatu, vijiji vyote viwili, kisha ufunguliwe siku moja kwa pamoja. Wanawake wa kwetu walikataa mwezi mzima. Wale wa ng'ambo watatuibia, walisema. Mama aliwashika mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na akawapa neno lake: wa ng'ambo wakivunja, yeye hatakanyaga tena mwambani wala kukaa mbele ya kikundi.

Aliyeandika mkataba ni mimi. Nani mwengine? Wakati huo nilikuwa tayari nafundisha chuoni Unguja, nadharia hizo hizo, nikiwa Mliberali mwenye cheti. Niliandika kwa raha ambayo sikuipata hata kwenye tasnifu yangu! Kamati ya pamoja, ulinzi wa zamu, adhabu, na siku ya kufungua: mwezi kumi na sita Mfunguo Saba, yaani mwezi wa saba baada ya Ramadhani, maji yakianza kupwa. Niliandika tarehe kwa mwezi wa Kiislamu kwa kuwa bamvua inafuata mwezi mwandamo, na akina mama huhesabu hivyo. Kisha nikaupeleka Tibirinzi ili Mwalimu auone na, kusema kweli, ili akubali kwamba nimeshinda.

Alikuwa amestaafu, magoti yamekuwa mabovu, ulimi ule ule. Aliusoma mara mbili.

"Mzuri," akasema. "Wakivunja, nani atawahukumu?"

"Mkataba wenyewe, Mwalimu."

"Mkataba hauna mikono, mwanangu."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Tulibishana juu ya kila kifungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kwenye ile tarehe.

Mwamba ukafungwa. Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu. Wanawake walikula muhogo mkavu na wakamtazama mama kila wakipita dirishani kwetu, na mama akawa anaamka kila asubuhi kwenda kuutazama mwamba kama mtu mwenye mgonjwa. Hakuna aliyevunja. Nilipokwenda kwa ajili ya siku ya kufungua nilimkuta amekonda, lakini anacheka. Nikamleta na Mwalimu, siku moja kabla, alale kwetu na ashuhudie. Masufuria yalikuwa yamekwisha toka, mchele umepembuliwa kwa sherehe ya kesho yake.

Saa nne asubuhi, siku hiyo ya kabla, mtu akapiga kelele pwani: "Wamo mwambani!"

Tulitoka mbio sote. Maji yamekupwa, jua linawaka, na kule mbali juu ya mwamba wanawake wa ng'ambo, kanga zimefungwa viunoni, wanainama na kuinuka. Siku moja kabla! Miezi mitatu tumeshika njaa, na wao wanatutangulia kwa siku moja.

Nani alipiga ukelele wa kwanza wa usaliti? Natamani ningesema ni mtu mwengine. Ni mimi. "Wametusaliti!" nilipiga kelele, mimi mwandishi wa mkataba, na nilitaja na maneno mengine ambayo siyaandiki. Mama alikaa chini mchangani, pale pale, mbele ya wanawake aliowapa neno lake.

"N'tawatazama vipi hawa?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Nambie, mwanangu. N'tawatazama vipi?"

Wanaume walikuwa wameshaanza kuchukua pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mitumbwi, na hawakuichukua kwa ajili ya mitumbwi. Mbele yao alikuwa mvuvi mmoja mrefu, Khamis, ambaye naye alisoma skuli yetu, miaka miwili mbele yangu, pembe ya mlangoni. Mwalimu akasimama njiani mbele yake.

"Khamis, ngoja."

"N'ngoje nini, Mwalimu? Si weye ulotufundisha? Nia ya mwenzio huijui, angalia mkono wake umeshika nini. Haya, angalia! Wameshika vyuma, wanavua pweza wetu! Hapa hapana polisi wala kadhi. Leo tukinyamaza, kesho watachukua mwamba mzima."

Mwalimu alimtazama Khamis, akautazama upondo. Maneno yalikuwa yake, hata mpangilio wake ulikuwa wake. Kisha akavua viatu. Akalikunja buibui mpaka magotini, mbele ya wanaume, akaingia majini.

"Mwalimu, unakwenda wapi?" nilimwita.

"Kuuliza."

Nilimfuata na kumshika mkono. Ilituchukua muda, mwamba unateleza na magoti yake hayakunjiki, na nyuma yetu Khamis na wenzake walikuwa wakija taratibu, hawakutaka kumpita. Kiongozi wa wanawake wa ng'ambo, Bi Mize, aliyejuana na Mwalimu tangu zamani, alitutambua kwa mbali, akaweka chuma chake chini na kuja kutupokea. Na hapo, katikati ya balaa lile, wale wanawake wawili walisalimiana salamu yote, hawakuacha hata neno!

"Assalamu alaykum, Bi Mize."

"Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Hujambo? Magoti je?"

"Yapo, alhamdulillahi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wa kwenu?"

"Wazima. Bi Mize, n'na suala moja. Leo kwenu ni mwezi ngapi?"

Bi Mize alimtazama kama anayeulizwa jina la mama yake. "Kumi na sita. Si ndo siku yetu? Tumekungojeni tangu maji yaanze kupwa, hamji. Tukasema watu wa Gando leo wamelala! Lakini tazama," akanyoosha mkono, "upande wenu hatujaukanyaga. Kijiti tumekitia pale, hakuna alovuka."

Nilitazama. Kijiti kilikuwa pale, kimefungwa kitambaa chekundu, na ng'ambo yake mwamba wetu mzima, mtupu, hauna hata unyayo.

Kwetu Gando ilikuwa kumi na tano. Sisi tunafuata mwezi unaoonekana hapa kisiwani, na wa ng'ambo wengi wao wanafuata ukitangazwa kuonekana popote duniani. Kila Mpemba anayajua haya! Ramadhani tunabishana mpaka sauti zinakauka, na mtaa mmoja unaweza kula sikukuu siku mbili. Lakini sikukuu ikishapita tunasahau, kwa sababu nani amepata kugombania mwezi wa Mfunguo Saba? Ile tofauti ya siku moja haisahau. Inaendelea kutembea kimya kimya mwezi hadi mwezi, na mimi niliiandika kwenye mkataba kwa wino mweusi, nikagonga na muhuri. Siku ya kuufunga mwamba tuliufunga pamoja kwa tangazo la masheha wa vijiji vyote viwili, ndiyo maana hatukuligundua.

Nilianza kucheka, na katikati ya kicheko nikakuta nalia. Nikampungia mama kwa mikono miwili, nikampigia kelele aje. Alikuja akijikwaa. Bi Mize alipoelezwa alishika kichwa.

"Yarabi! Basi na sie tutoke. Tungoje kesho, tuingie pamoja."

Mama alikitazama kile kijiti chenye kitambaa chekundu. Kisha akageuka, akaweka viganja mdomoni, na akatoa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Ingieni, wanawake! Kumi na tano, kumi na sita, yote ya Mungu! Maji ya leo hayangoji mtu!"

Walikuja mbio. Sijui kama nitaona tena jambo kama lile. Wanawake wa makamo wakikimbia majini, wakianguka, wakiinuka, vigelegele pande zote mbili, na pweza wa kwanza aliyeinuliwa alikuwa na mikono mirefu kuliko ya aliyemshika. Mama alimpandisha juu na kupiga makelele kama mtoto. Wa ng'ambo walimpigia makofi.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, maji yakimfika chini ya magoti, na nilidhani anafurahia. Nikamsogelea nimtanie, nimwambie mkataba una mikono. Sikuwa na haki hiyo, kwa vile nilivyopiga kelele ufukweni, lakini ningeitumia vivyo hivyo. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akimtazama Khamis, ambaye alibaki peke yake katikati ya vigelegele, upondo mkononi, hajui aupeleke wapi.

Akamwendea. Nikamfuata kwa kuogopa asianguke, ndiyo nikasikia.

"Khamis, mwanangu," alimwambia. "N'likufundisha kuwa nia ya mwenzio haijulikani. Miaka yote ile sikukufundisha kuwa unaweza kumuuliza. Kosa ni langu, si lako."

Yule mtu mrefu aliinamisha kichwa. Akaushika mkono wa Mwalimu, akaubusu mara mbili, kama tunavyowabusu waliotusomesha, na hakuuachia.

"Haya, basi," Mwalimu akasema. "Huo upondo nipe mie. Magoti yananiuma, na mwamba wenu unateleza."

Akampa. Mwalimu akauegemea kwa mikono miwili na kuanza kurudi ufukweni, hatua moja baada ya nyengine, nasi wawili tukamfuata kwa nyuma.